Kiingereza cha Mama Wekesa

Habari ya kifo chake ilinifikia kwa simu nikiwa napiga pasi. Nilimsikiliza Naliaka, binti yake, mpaka akamaliza, nikamwambia pole, nikauliza mkutano wa mazishi utafanyika wapi na saa ngapi, kisha nikamalizia shati lililokuwa mezani na kuanza jingine. Jioni ya mkutano nilitoka kwangu mtaa wa Fedha, hapa Nairobi, nikatembea hadi mtaa wa Tassia, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, nikapewa kiti cha plastiki kati ya friji na dirisha. Sebule ilikuwa imejaa. Watu wa kanisa walikaa upande mmoja, watu wa kwao Bungoma upande mwingine, na sisi tuliowahi kufanya kazi naye tulikuwa wachache, kila mmoja alipopata nafasi. Chai ya tangawizi ilipitishwa pamoja na sahani ya mkate uliopakwa siagi. Nyuma yangu walikuwa wasichana wawili, nadhani wa kwaya. Mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Kwani Wekesa ni nani? Kila mtu anasema Mama Wekesa, Mama Wekesa, na mimi nawajua tu Naliaka na Simiyu." Mwenzake akajibu, "Ah, ni jina tu. Watu wa kitambo walikuwa wanaitana hivyo." Sikugeuka. Mwenyekiti wa kamati alianza maombi, watu wakainamisha vichwa, nami nikainamisha changu, lakini maombi yale sikuyasikia. Nilikuwa nakumbuka chumba cha maboksi na mwaka nilioanza kufundisha.

Mwaka ule nilikuwa karani wa lebo katika kampuni moja, karibu na uwanja wa ndege, iliyopakia mboga za kupelekwa Ulaya. Mishiri, yale maharagwe mabichi membamba, ilifika kwa malori kutoka mashambani, ikaoshwa kwa maji yenye klorini, ikamwagwa juu ya meza ndefu za chuma, na wanawake waliosimama pande zote mbili wakaikata ncha, wakaipima na kuipanga katika visahani vidogo, kila mshiri ukilala sawa na mwenzake. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba lebo ya kisahani inalingana na lebo ya boksi. Baridi ilikuwa lazima, kwa sababu mboga iliyopata joto hainunuliwi, na baada ya saa moja mezani vidole vilikufa ganzi. Wanawake waliipumzisha mikono kwa zamu kwapani, mmoja mmoja, ili msimamizi asione wengi wamesimama. Ukimwuliza mtu kama amejikata, ilibidi aangalie kidole kabla ya kujibu. Mimi sikushika kisu, lakini nilikuwa na ganzi ya namna nyingine. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimemzika mdogo wangu. Habari za familia yangu si za sura hii ya kitabu. Nitasema tu kwamba watu wote waliniambia pole, nami nikawashukuru wote, na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nilikuwa nakula, nalala, nafika kazini mapema, na sikumbuki kuhisi lolote.

Afisa wa wafanyakazi, ambaye sote tulimwita Madam Lydia, aliniita ofisini kwake baada ya kugundua kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikisahihisha Kiingereza cha matangazo yaliyobandikwa kantini. Nilikuwa nafanya hivyo kwa kalamu nyekundu, bila kuombwa. Nilidhani nimeitwa kufukuzwa. Akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia shule niliiacha kidato cha pili, na kwamba Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa magazeti ya zamani na kamusi iliyokosa herufi tatu za mwisho. Akacheka kidogo, halafu akanieleza shida yake. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wakituma mkaguzi mara kwa mara aje aone wafanyakazi wanavyotendewa. Mkaguzi alitaka kuongea na wafanyakazi faraghani, na hakutaka mkalimani wa kampuni. "Sasa anakaa hapo na mama wa watu, wanaangaliana," alisema. "Anaandika kwamba wafanyakazi wanaogopa kuongea. Hawaogopi, Njoroge. Ni lugha hawana. Wafundishe wajue kujieleza. Jina, nyumbani, watoto, kazi. Hayo tu."

Alinipa chumba cha kuwekea maboksi nyuma ya kantini, dakika arobaini baada ya chakula cha mchana, na wanawake wa meza ya tatu, waliosifiwa kwa kasi yao. Maboksi mapya yalikuwa yamefungwa marundo marundo hadi karibu na dari, nayo ndiyo yaliyokuwa viti vyetu. Chumba kilinukia karatasi na gundi, na kwa sababu hakikuwa na baridi, wanafunzi wangu walifurahia kuja hata wale waliokuwa hawataki Kiingereza. Waliingia na makoti yao meupe na gambuti, wavu wa nywele ukiwa mfukoni, na chakula ambacho hawakuwa wamekimaliza. Hapo nilijifunza mengi kuhusu watu kwa vyakula vyao. Mama Shiru, shemasi wa kanisa na mkubwa wa wote kwa umri, alikuja na githeri ya mahindi na maharagwe, iliyoondolewa maharagwe mabovu yote. Akinyi, aliyekuwa na miaka kumi na tisa na maneno mengi kuliko meza nzima, hakuleta kitu. Alikula cha kila mtu. Mama Wekesa alikuja na ugali na mrenda, mboga ile ya kuteleza, katika kopo la siagi, na kila siku Akinyi alichovya tonge humo na kusema ile ile, "Mrenda yako inavutika hadi Pipeline, Mama Wekesa. Naeza anika nguo juu yake." Na kila siku Mama Wekesa alimjibu, "Kula unyamaze, mtoto wa watu."

Njia yangu ya kufundisha ilikuwa ile niliyojifundishia mwenyewe, kwa sababu sikuijua nyingine. Nilichukua sentensi moja nzima, nikaisema mpaka mdomo ukaizoea, halafu nikabadilisha kipande kimoja, nikaisema tena. Siku ya kwanza niliomba mtu mmoja anipe maelezo yake kwa Kiswahili ili niyageuze yawe mfano wa darasa. Wote waliangalia sakafu. Mama Wekesa akainuka, akajipangusa mikono kwenye koti. Alikuwa mwanamke mrefu, wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini ambayo ilikulazimu unyamaze ili uisikie. "Andika, mwalimu," akasema. "Jina langu ni Everlyne. Natoka Bungoma. Nina watoto watatu. Mzee wangu ni fundi wa mawe. Kazi yangu ni kukata mishiri." Nikaigeuza kwa Kiingereza, nikaiandika kwa chaki kwenye ubao wa plaiwudi tulioupaka rangi nyeusi, tukaisoma pamoja hadi kengele ikalia. Sikuona chochote katika nyuso zao. Nimejaribu sana kukumbuka kama palikuwa na mtu aliyemtazama mwenzake alipotaja watoto, na siwezi.

Siku iliyofuata nilimwambia kila mmoja aiseme kwa maelezo yake mwenyewe. Akinyi akasimama, akasema kwa Kiingereza safi kabisa kwamba jina lake ni Akinyi, anatoka Bungoma, ana watoto watatu na mzee wake ni fundi wa mawe.

"Akinyi," nikasema, "wewe una watoto watatu?"

"Mwalimu, wacha hivyo hivyo. Nikiguza itaharibika."

"Lakini si kweli."

"Si ni Kiingereza? Wewe ndio umeandika hapo."

Wengine walicheka, lakini walipoinuka walifanya vile vile. Wote walibadilisha jina. Mmoja au wawili walibadilisha na nyumbani. Wengine wote walikuwa na watoto watatu na mume fundi wa mawe, hata Mama Shiru, ambaye alikuwa mjane kwa miaka mingi na wajukuu wake walijulikana meza nzima. Nilipomhimiza abadilishe, alinitazama kwa huruma. "Kijana wangu," akasema, "Baba Yetu Uliye Mbinguni unaisema vile ilivyo, ama unaipanga upya kila asubuhi?" Nilijaribu kwa wiki kadhaa. Nilichora watoto ubaoni, mmoja, wawili, wanne. Waliwahesabu vizuri, kisha nikirudi kwenye maelezo yao wanarudi kwa watatu. Mwishowe nikaacha, nikaendelea na masomo mengine: saa, siku za wiki, sehemu za mwili, majina ya vyombo vya kazi. Lakini kila somo lilifunguliwa kwa maelezo yale, mmoja baada ya mwingine, kwa sababu waliyapenda, na mimi niliwaacha kwa sababu yalijaza muda.

Mkaguzi alikuja msimu wa mvua fupi. Alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vizito, mpole, aliyesalimia kila mtu kwa mkono hata waliokuwa na glavu zilizolowa. Alichagua wanawake sita wa meza ya tatu, akaketi nao mmoja mmoja katika chumba cha huduma ya kwanza. Walitoka wakiwa wamejaa fahari. Akinyi alipita karibu na meza yangu ya lebo akaniambia, "Mwalimu, niaje. Nimemwaga yote. Mathe alikuwa anaandika tu." Alasiri Madam Lydia aliniita, na nikaona kwa jinsi alivyofunga mlango kwamba mambo hayakwenda sawa. Mkaguzi alikuwa amemwuliza, kwa upole wake ule, inakuwaje wanawake sita wa meza moja wote wana watoto watatu na wote wameolewa na mafundi wa mawe. Alikuwa ameandika kwamba wafanyakazi walifundishwa la kusema, na kwamba angerudi Ijumaa kuwahoji tena kabla ya kufunga ripoti.

Yale ya wale watano waliokariri maelezo ya Mama Wekesa, Madam Lydia aliyaelewa nilipomweleza, na hata akaficha kicheko kwa kiganja. Kilichomsumbua kilikuwa kingine. Alitoa faili za wote sita kulinganisha, akakuta kwamba mwenye maelezo yenyewe, Everlyne Nafula, ameandikisha watoto wawili. Hili lilikuwa jambo zito wakati ule, na ndiyo sababu ya mimi kuandika sura hii. Mama Wekesa alikuwa kibarua kwa miaka minne, akiitwa kazini wiki kwa wiki. Mwezi ule jina lake lilikuwa limepelekwa ili aandikwe kazi ya kudumu, awe pamanenti, kama tulivyosema, na pamanenti alipata likizo, alipata ruhusa ya kuugua bila kufutwa, na watoto wake walitibiwa kwa kadi ya kampuni. Kulikuwa na watu waliowahi kuingiza mtoto wa dada au wa jirani kwenye kadi. Madam Lydia aliamini kwamba ndivyo ilivyokuwa hapa: mtoto wa tatu alikuwa akiandaliwa njia. Alikuwa tayari ameirudisha karatasi ya Mama Wekesa ya kazi ya kudumu kwenye droo.

Alimwita mbele yangu. Mama Wekesa aliingia na wavu wake kichwani, akasimama karibu na mlango ili gambuti zisichafue zulia.

"Everlyne, una watoto wangapi?"

"Watatu, Madam."

"Faili inasema wawili. Naliaka na Simiyu. Huyu wa tatu ni nani?"

"Ni Wekesa. Ndiye wa kwanza. Si ndiye mnaniitia."

"Mbona hukumwandika?"

"Fomu ilisema wa kulipiwa hospitali. Wekesa hahitaji hospitali."

Madam Lydia akaweka kalamu chini. "Everlyne, tusaidiane. Huyu mtoto anakaa wapi?"

"Nyumbani. Bungoma."

"Na nyanya yake?"

"Karibu na nyanya yake. Hapo nyuma ya nyumba, kando ya migomba."

Mimi nilielewa kabla ya Madam Lydia. Nilimwona akifungua mdomo kuuliza swali jingine, halafu akaufunga. Nje ya dirisha lori lilikuwa likirudi nyuma na mtu alikuwa akipiga bati lake kwa kiganja kumwongoza dereva. "Pole," akasema Madam Lydia. "Pole sana, Everlyne." Mama Wekesa akasema asante. Madam akauliza ilikuwa lini, akaambiwa mwaka juzi, na akauliza alikuwa ameumwa nini, akaambiwa ni kifua. Hakuuliza zaidi. Nadhani alikuwa ameanza kuhesabu. Kibarua hakuwa na ruhusa ya msiba. Mama Wekesa, kama nilivyokuja kusikia kwa Mama Shiru siku ile ile, alipanda basi la usiku, akazika, akarudi, na wiki ile ile alikuwa mezani anakata mishiri ili nafasi yake isichukuliwe na mwingine.

"Sasa nisikilizeni," akasema Madam Lydia, na sauti yake haikuwa mbaya. "Mkaguzi anarudi Ijumaa. Akikuuliza, sema wawili. Ukianza kueleza mambo ya msiba atataka kujua ulipewa siku ngapi, na hapo sisi sote tutakuwa na shida, na karatasi yako haitatoka kwenye hii droo, si mwezi huu, si mwaka huu. Ukisema wawili, faili inasema wawili, imekwisha. Njoroge, mfundishe aiseme vizuri."

Katika sebule ya Tassia mwenyekiti alikuwa amemaliza maombi na sasa alikuwa anasoma ratiba: basi litaondoka saa ngapi, nani atapika, nani atasema kwa niaba ya waliofanya kazi na marehemu. Mtu akanitaja. Nikakubali kwa kichwa. Siku hizi nafundisha Kiingereza na Kiswahili cha kazi katika hoteli na kwa walinzi, kampuni zinanialika, na nimefanya hivyo kwa muda mrefu kuliko kazi nyingine yoyote. Nimesoma vitabu vingi kuhusu namna ya kufundisha watu wazima, nikavipanga rafuni kwa mada. Karibu vyote vinashauri uanze na mambo ya mwanafunzi mwenyewe: jina lake, kwao, watoto wake. Mimi huanza na saa. Unaamka saa ngapi, unafika saa ngapi, zamu yako inaisha saa ngapi. Wasimamizi wangu wamewahi kuniuliza kwa nini, nami nikawajibu kwamba namba ni rahisi zaidi. Ni kweli, namba ni rahisi zaidi.

Tulikuwa na siku tatu. Nilikaa na Mama Wekesa peke yetu katika chumba cha maboksi huku wenzake wakimalizia chakula kantini. Nilifuta maelezo yake ubaoni, nikaandika sentensi moja tu, kwamba ana watoto wawili. Niliisema. Niliisema tena, polepole, kama nilivyozoea.

"Mwalimu," akasema, "huu si uongo?"

"Si uongo, mama. Walio hai ni wawili."

"Basi nifundishe hiyo ya walio hai."

"Madam amesema iwe fupi."

Akaangalia ubao. Alikuwa amekunja mikono na kuiweka kwapani ingawa chumba kile hakikuwa na baridi. Akaanza sentensi, akafika katikati, akasimama. Akaanza tena. Mara kadhaa ulimi ulimpeleka kwa watatu wenyewe, kwa mazoea ya miezi yote ile, na kila mara nilimrudisha mwanzo kwa sauti ile ile, bila haraka na bila ukali. Sikumwonea huruma wala sikukasirika. Niliona kazi iliyohitaji kurudiwa, nami nilikuwa mzuri katika kurudia. Siku ya pili Akinyi alichungulia mlangoni akamkuta amekwama katikati ya sentensi. "Sema tu, Mama Wekesa," akamwambia kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake. "Ni karatasi. Karatasi haijui kitu." Mama Shiru, nyuma yake, akaongeza, "Na Naliaka ana kile kikohozi. Kadi itamsaidia." Siku ya tatu sentensi ilitoka laini, bila kukwama, mara nyingi mfululizo, na macho yake wakati wote yalikuwa juu ya boksi lililokuwa mbele yake, lililochapwa picha ya mishiri.

Ijumaa aliingia katika chumba cha huduma ya kwanza na kutoka kabla sijamaliza kukagua safu moja ya maboksi. Alipita kando yangu. "Nimesema," aliniambia, akaenda mezani, akachukua kisu chake. Wale wengine walihojiwa baada yake, kwa Kiswahili, kupitia mkalimani aliyeletwa na mkaguzi mwenyewe, ambaye alichelewa kufika, kwa hiyo Akinyi alirudi kuwa msichana asiye na mtoto na Mama Shiru akarudi kuwa mjane. Ripoti ilifungwa. Wiki iliyofuata Mama Wekesa alipigwa picha ya kadi, akatia sahihi, na kibandiko chenye jina Everlyne Nafula kikabandikwa kwenye koti lake. Wenzake walimnunulia soda kantini. Alikunywa nusu, akampa Akinyi nusu, akasema asante kwa kila mtu. Wakamwambia hongera, Mama Wekesa. Walimwita hivyo hivyo, kama siku zote, na yeye aliitika kama siku zote, na mimi nilikaa meza ya pili nikimenya yai, nikiona kwamba limeiva kupita kiasi na rangi ya kijani imezunguka kiini.

Jumatatu tuliendelea na masomo. Nilikuwa nimeandaa somo la kumweleza msimamizi kuhusu hitilafu: kisu hakikati, mzani haufanyi kazi, maji ni moto. Lakini desturi ilikuwa kufungua na maelezo ya kila mtu, na wakaanza wenyewe kabla sijawazuia. Akinyi akasema yake, watoto watatu na fundi wa mawe. Mama Shiru akasema yake. Kisha ikawa zamu ya Mama Wekesa, na wote wakamgeukia, kwa sababu hakuna aliyejua angesema idadi gani. Alisimama. Halafu akasema maneno kwa Kiingereza ambayo sikuwahi kumfundisha. Nayaweka hapa kwa Kiswahili, bila kuyanyoosha, kama yalivyotoka.

"Wekesa kula mkono kushoto."

Mama Shiru akaweka kijiko chake chini.

"Mimi ambia yeye, badilisha. Yeye kataa."

Nilikuwa na chaki mkononi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimengoja mmoja wao atunge sentensi yake mwenyewe, na niliyapokea yale maneno kwanza kama mwalimu: ametumia maneno ya somo la vyombo, la mwili na la kazi, ameyaunganisha. Akinyi ndiye aliyeanza kuuliza. Hakuongea Sheng wala Kiswahili. Alitafuta maneno, akayakuta machache, akauliza kwa Kiingereza, "Yeye mkubwa?"

"Hapa," akasema Mama Wekesa, akaonyesha kwa kiganja, juu kidogo ya rundo la maboksi lililokuwa ubavuni mwake.

"Chakula gani penda?" akauliza Mama Shiru.

Mama Wekesa akafikiri. Kiingereza cha jibu hakuwa nacho. "Ukoko," akasema kwa Kiswahili, na hakuna aliyelalamika.

"Yeye shule?"

"Darasa mbili. Namba nzuri. Kuandika mbaya."

"Mkono kushoto," akasema mwingine, na wakaitikia kwa vichwa kama watu walioelewa jambo.

Waliendelea hivyo, swali baada ya swali, na mimi nikaketi. Wanawake hawa walikuwa wamechanga kwa ajili ya mazishi yale. Walikuwa wamempokea siku aliyorudi, wakamkatia sehemu yake ya mishiri kimya kimya kwa wiki nzima ili asionekane amechelewa. Kwa Kiswahili walikuwa wamempa pole, naye akawashukuru, na ukishampa mtu pole humrudii tena na maswali. Huwezi kumwuliza mama mtoto wake aliyezikwa alipenda chakula gani. Ni ukosefu wa adabu, na walikuwa watu wenye adabu. Kiingereza hakikuwa na adabu yao ndani yake. Walikuwa na maneno machache tu, mengi yakiwa ya kazi, na maneno hayo hayakujua kuzunguka. Niliwasikiliza nikitambua kwamba mimi pia ningeweza kuulizwa kuhusu mdogo wangu, na kwamba ningekuwa na majibu. Sikusema hivyo. Hata hivyo nililitambua.

Kengele ikalia. Walianza kuvaa nyavu zao, kufunika makopo, kujipangusa makombo. Akinyi alikuwa tayari mlangoni alipogeuka. "Wekesa," akasema, "yeye cheka namna gani?"

Mama Wekesa alifungua mdomo kutafuta neno. Hakulipata kwa Kiingereza, na nadhani hakulipata kwa lugha yoyote, kwa sababu aliacha kutafuta, akakaza mabega, akacheka kile kicheko chenyewe: kifupi, cha puani, kikipanda mwishoni kama mtu anayeshtuliwa kwa maji baridi. Akakirudia, kwa sauti zaidi. Chumba kizima kikacheka naye.

Msimamizi akafungua mlango kutoka kantini, saa yake mkononi, akauliza ni nani huyo anayecheka kama mtoto wakati wa kazi.

"Ni Wekesa," akasema Mama Shiru, akaingiza nywele zake za mvi ndani ya wavu, akampita.

Msimamizi akatutazama mmoja mmoja, akimtafuta mtu wa jina hilo, kisha akaushikilia mlango wazi mpaka wote wakatoka.